Vichupa vya Hajji Isma

Mbarara,
17 Novemba 2013

Yaya Byamungu,

Ninakuamkia kwa heshima inayomstahili aliyezaliwa mbele yangu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima pale kambini Rubondo, wewe na shemeji Perpétue na watoto, na kwamba mvua ya juma hili haikuyalaza mahindi yenu kama ilivyoyalaza ya huku kando ya barabara. Unisalimie Mama kwa namna ya pekee. Muulize kama sasa anafika kwenye pampu ya maji na kurudi bila kukaa njiani, kwa kuwa hicho ndicho kipimo tulichokubaliana yeye na mimi. Mimi ni mzima, na kazi ipo.

Umenipigia simu mara nyingi nami sikupokea. Haikuwa hasira. Simu humfaa mwenye maneno machache. Mimi nina mengi, na ninataka yabaki yalivyo hata baada ya wewe kukasirika. Utasema pia kwamba nimeandika Kiswahili cha vitabu, kana kwamba sikuzaliwa Uvira. Kiswahili chetu cha nyumbani ni kizuri kwa kupendana. Kwa shauri hili nahitaji kile ambacho Baba alitufundisha kwa fimbo.

Nianze na neno moja, maana tumeligombania miezi miwili bila yeyote kulifafanua. Baki, kwa maana ninayoitumia humu, ni dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, ikasalia baada ya yeye kufa, na jamaa zake wakaitoa kwa mgonjwa mwingine aliye hai. Masharti yote matatu lazima yatimie. Dawa iliyosalia kwa mtu aliyepona si baki. Hiyo hurudishwa nyumbani, ikafichwa juu ya kabati, na jirani akapewa kila anapokohoa. Dawa iliyonunuliwa na hospitali si baki. Hiyo huisha kabla haijafika. Na dawa ya marehemu iliyochukuliwa ikatupwa si baki pia. Hiyo tuiite busara, ingawa sijapata kuiona.

Wewe umekaa katika chumba chetu cha wagonjwa mahututi kama mgeni, kwa hiyo nikueleze kinavyokwenda. Vitanda ni vinne. Hospitali hutoa godoro, oksijeni na muuguzi. Dawa kali jamaa huandikiwa karatasi wakazitafute katika maduka ya mjini. Wananunua kadiri ya woga wao, na kwa kawaida mgonjwa hufa kabla ya dawa kwisha. Hapo ndipo desturi inapoingia. Sisi tuliotoka Kivu tunaamini kwamba dawa iliyoshindwa kumponya mtu haivuki tena kizingiti cha nyumba yake, maana itarudi na kile ilichoshindwa nacho. Waislamu wa Mbarara hawana imani hiyo. Wao huitoa iwe sadaka kwa ajili ya marehemu. Kwa hiyo wote huiacha kwa kitanda cha jirani. Nadhani hili ndilo jambo pekee ambalo Wakristo wa kambi na Waislamu wa mjini wamewahi kukubaliana bila kuitisha mkutano. Na anayepewa hawezi kukataa, kwa kuwa mkono wa mfiwa haurudishwi.

Dawa hizo zilikuwa zikitiwa katika katoni ya sabuni chini ya meza ya wauguzi. Daktari Rwakabuba, mkuu wa chumba hicho, mtu mwenye viatu vinavyong'aa na sauti ya kutangazia ng'ombe waliopotea, alikuwa na utaratibu ambao niliuchunguza mwaka mzima kabla ya kuuamini. Mgonjwa mpya akiletwa, alichungulia katoni kwanza, kisha mgonjwa. Akikuta humo dawa fulani, ugonjwa wa mtu huyo ulikuwa unaofanana na dawa hiyo. Vikiwamo vichupa vitatu, ugonjwa ulikuwa wa vichupa vitatu. Vikiisha, mgonjwa alihesabiwa amemaliza tiba, na daktari aliandika kwamba anaendelea vizuri, maneno ambayo yaliandikwa pia kwa watu wawili waliokuwa wamekwisha kufa.

Utanisamehe nikikufundisha jambo ambalo hukuuliza. Kijidudu kisipouawa kabisa hujifunza. Dozi iliyokatwa katikati ni somo, na anayeitoa ni mwalimu wa vijidudu. Kuna dawa chache sana ambazo tunapaswa kuziweka mbali, zisiguswe mpaka maabara iseme kwamba nyingine zote zimeshindwa, maana nyuma yake hakuna kitu. Hizo ndizo zilizokuwa zikigawiwa kutoka katoni ya sabuni, kichupa hapa, viwili pale, kama pipi za ubatizo.

Mwaka jana aliletwa mchungaji wa ng'ombe kutoka Endiinzi, Rugamba, mtu wa mzaha, aliyepigwa pembe pajani na fahali wake mwenyewe. Aliwaambia wauguzi kwamba fahali hana kosa. Fahali huyo, alisema, alikuwa anamtafuta mkwe wa Rugamba, akakosea mtu. Kidonda chake kilikuwa kibaya lakini si cha kuua. Alipewa baki za marehemu wawili, dawa mbili zisizohusiana, kila moja mpaka ilipokwisha. Alipata nafuu, watu wakashangilia, kisha kidonda kikafura upya. Safari hii nilipeleka usaha maabara mwenyewe. Jibu lilikuwa kwamba hakuna kitu katika maduka yote ya Mbarara ambacho kingeweza kukiua kilichokuwa ndani ya paja lile. Alikufa akiwa bado anamsingizia mkwewe. Na unajua jamaa zake walifanya nini siku ile ile? Waliacha baki.

Kwa ajili ya Rugamba niliandika mwongozo. Ulikuwa ukurasa mmoja, kwa sababu nawajua wasomaji wangu. Kipimo kichukuliwe kabla ya dawa. Kila dawa iandikiwe sababu yake na siku ya kukomea. Jibu la maabara likija, dawa ibadilishwe ifuate jibu, na si jibu lisubiri mpaka dawa iishe. Kifungu cha nne kilisema kwamba baki isiende kitandani kamwe. Ije kwetu katika ghala la dawa ninakofanya kazi, ikaguliwe, na ikiwa nzima itumike kwa yule tu ambaye maabara imemtaja.

Kamati ya kuujadili ukurasa huo ilikaa tangu asubuhi hadi chakula kilipopoa. Mgeni kutoka Kampala alituonyesha ukutani picha za hospitali ambazo zina madirisha mengi kuliko sisi tulivyo na watu. Muda mrefu zaidi ulitumika kujadili kama hati ile iitwe mwongozo au mapendekezo, na kama soda zilizoagizwa zilikuwa za wajumbe tu au na madereva wao. Daktari Rwakabuba, ambaye humwita kila mwanamke nyabo, yaani bibi, alisema, Nyabo Goretti, unapika chakula cha Ulaya na sufuria ni ya Mbarara. Akasema maskini hachagui nyama, anashukuru mchuzi. Watu walicheka. Nilimjibu kwamba mchuzi alioupika yeye ulikuwa umemzika Rugamba, wakaacha kucheka, na mwongozo ukapita, kwa maana wengi walikuwa na njaa. Yeye aliutia saini na kuupa jina la katiba ya Goretti. Katoni ya sabuni ikaondolewa. Nilidhani nimemaliza.

Ndipo Mama akaugua.

Sitaki kurudia kilichotangulia, ila ni lazima, kwa kuwa katika ushuhuda wako umekiruka. Mama alikohoa na kutetemeka siku tano nyumbani kwako. Katika siku hizo ulimwombea, jambo lisilo na madhara, na ulimpa vidonge vya rangi mbili kutoka kioski cha Kashojwa, ukavigawa sawasawa kati yake na shemeji Perpétue, kwa kuwa shemeji naye alikuwa akiumwa kichwa. Alipoanza kuweweseka ndipo mlipomleta, juu ya magunia ya nyanya, katika pikapu ya kanisa. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Nilimpokea mlangoni na sikukuambia neno, nawe ukalihesabu hilo kuwa dharau. Ulihesabu sawa.

Alilazwa kitanda cha pili. Kitanda cha kwanza kilikuwa na Hajji Isma, mfanyabiashara wa ngozi, aliyeshikwa na homa ya damu, vijidudu vimeingia katika mishipa, baada ya upasuaji aliofanyiwa mahali pengine. Mke wake, Mama Kaudha, alikuwa ameuza mizigo miwili ya ngozi mbichi ili kununua meropenem, mojawapo ya zile dawa ninazosema tuziweke mbali. Kwa Hajji Isma ilistahili. Maabara ilikuwa imeitaja. Tatizo lake ni kwamba ilitajwa wakati alipokuwa amekwisha kuchoka. Alikufa Jumanne, saa ya kutembelea wagonjwa, mbele yako.

Wewe ulikuwepo, kwa hiyo ninayaandika haya ili uyaone jinsi nilivyoyaona mimi. Mama Kaudha alimfunika mumewe uso, akakaa kidogo, kisha akafungua mkoba na kutoa vichupa vilivyosalia, amevifunga katika leso. Hakutuangalia sisi. Alimwangalia Mama. Akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, Mzee yangu yeye amekwisha. Dawa yeye bado. Hii iende kwa huyu mama. Wewe ulipiga magoti, yaya, mwanamume mzima mwenye Biblia kwapani, ukalia kwa sauti, ukasema Mungu ametutumia dawa fasi hatukuwaza, kutoka mahali tusipopafikiria. Daktari Rwakabuba alikuwa mlangoni. Alikunja mikono, akatabasamu, akaniambia, Sasa, nyabo, msomee huyu mjane kifungu cha nne.

Nilikisoma. Sikukisoma kwa ukali, ingawa umeeleza vingine Rubondo nzima. Nilipokea leso kwa mikono miwili, nikamwambia Mama Kaudha kwamba dawa hii tumeipokea na itakaa ghalani, lakini haiwezi kuingia kwa mama yangu mpaka maabara iseme kuna nini katika kifua chake, na kwamba kwa sasa anapata penisilini, ambayo ni dawa ya kwanza kwa ugonjwa kama wake. Mjane alifahamu nusu moja tu, ile ya hapana. Alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyesukumwa. Na wewe ukasimama, ukanielekezea kidole, ukasema: Masomo imekukausha roho, Goretti. Balikufundisha kupima dawa, habakukufundisha kupima mutu. Ukauliza mbele ya wauguzi na mbele ya maiti kama penisilini ya bei ya ndizi ndiyo niliyomchagulia aliyenizaa, na hali dawa ya matajiri iko mkononi mwangu. Mbele ya maiti, yaya. Hata Rwakabuba alitazama chini.

Kesho yake ulikuja saa ya kutembelea wagonjwa, ukamkuta muuguzi Zakiah kando ya kitanda, ana sindano mkononi na kichupa cha Hajji Isma juu ya sinia. Mama Kaudha alikuwa amerudi kuchukua blanketi, akaona naye. Ulimwona Zakiah akiingiza dawa polepole katika mshipa wa Mama, nawe ukaweka mkono juu ya mguu wa kitanda ukaomba. Ilifanyika hivyo kila siku saa ile ile. Mimi sikuonekana, nawe ukaeleza kutoonekana kwangu kwamba ni aibu. Ulidhani daktari amenishinda. Siku ya nne Mama aliomba uji. Siku ya sita aliuliza nani anawalisha kuku wake. Alipotoka, Mama Kaudha alimsindikiza hadi kwenye pikapu akimshika kiwiko, na mpaka leo humpelekea sukari na kumwita dada ya Hajji.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Gasore, huyu anayeleta nyanya zenu sokoni kwetu, na ambaye hana sababu ya kukupendelea wala kukuonea. Amesema ulitoa ushuhuda kanisani Rubondo, kisha ukaalikwa kuutoa Kashojwa, kwenye mkutano wa makanisa matatu, na kwamba ulidumu kuliko mahubiri. Ulisimulia jinsi dawa ya mfiwa ilivyomfufua mama yako, na jinsi binti yake mwenye diploma alivyosimama katikati kama mlango. Ulisema Mungu alipitia dirishani. Watu walipiga vigelegele. Mama alikaa mstari wa mbele na kusema Amina.

Ningeweza kuyastahimili hayo. Nimezoea kutajwa. Lakini juma lililopita walikuja hospitalini wazee watatu wa kanisa lako, wamebeba sanduku. Limetengenezwa na seremala wa Rubondo, limepakwa rangi ya buluu, lina maandishi SANDUKU LA REHEMA, msalaba upande mmoja, mwezi na nyota upande wa pili ili Waislamu wasijisikie vibaya, na kufuli kubwa ambalo ufunguo wake ulikuwa umekwisha kupotea njiani. Wameomba liwekwe mahali ilipokuwa katoni. Daktari Rwakabuba aliligongagonga kwa vidole kama anayenunua jeneza, akasema kumbe jamii imezungumza. Kamati itakaa Alhamisi. Ushuhuda wako umeandikwa kuwa hoja ya kwanza: mgonjwa alipewa baki kinyume cha mwongozo, akapona. Mwongozo utafutwa, na mimi, katibu, nitaandika kwa mkono wangu kwamba umefutwa.

Sasa nifike ninapokwenda.

Mama hakupewa dawa ya Hajji Isma. Hata tone.

Jumanne ile, mlipokwisha kutoka wote, na mwili wa Hajji umechukuliwa, Mama aliniita kwa kidole. Ulidhani amelala, alikuwa amesikia kila neno. Alisogeza barakoa ya oksijeni, nikaikemea hiyo mikono yake, hakujali. Alisema, Goretti, ule mama amepoteza bwana. Usimurudishe na mikono yenye kujaa. Nikamweleza mambo ya vijidudu. Akaniambia hayo anaachia mimi, nimpe ile yenye ninajua. Lakini yaya yako, akasema, muache aone dawa inaingia. Hatalala. Nilimwambia kwamba anachoniomba ni mchezo wa kuigiza. Alinijibu kwamba harusi pia ni mchezo, na watu wanaoana kweli. Kisha akaniapisha nisikuambie mbele ya watu, kwa sababu utapata haya.

Zakiah alikuwa anabadilisha shuka za kitanda cha kwanza, amesikia. Hakuniangalia. Alisema, Dada Goretti, maji ya chumvi hayajawahi kumdhuru mtu anayeombewa. Basi kila siku, saa uliyokuja, alivuta maji ya chumvi ya dripu, akaweka kando yake kichupa kitupu ambacho Hajji alikuwa amekimaliza siku za uhai wake, akayaingiza polepole huku wewe unafumba macho. Penisilini ilikuwa imekwisha kutangulia, na iliendelea kwa saa zake, mchana na usiku, wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kuishangilia. Siku ya tatu jibu la maabara lilikuja. Kijidudu kilichokuwa kifuani mwa Mama ni cha kawaida kabisa, ambacho penisilini ya bei ya ndizi inakiua. Dawa ya matajiri ingekuwa upanga wa kuulia sisimizi, na vichupa vilivyosalia havikutosha hata nusu ya tiba.

Utauliza vilikwenda wapi. Vilikaa ghalani chini ya kifungu cha nne. Mwezi wa kumi aliletwa mama mmoja aliyejifungua, naye akapata homa ya damu. Maabara ikaitaja dawa ile ile. Tulikuwa na sehemu, vichupa vya Hajji Isma vikajaza pengo, na tiba ikakamilika mpaka siku ya mwisho. Yuko kwake Endiinzi na mtoto wake. Hajui jina la Hajji Isma. Mama Kaudha hajui kwamba mwanamke huyo yupo duniani. Anampelekea sukari mtu aliyepewa maji ya chumvi.

Nimekuwekea wazi, yaya, na ninaomba usome maneno yanayofuata peke yako, nje, si mezani kwa sauti kama unavyosoma kila kitu. Kiapo changu kilikuwa nisikuambie mbele ya watu. Nimekitafakari, na naona barua si watu. Alhamisi, kinyume chake, kutakuwa na watu. Nikisema pale kwenye kamati kwamba mgonjwa wako wa muujiza alitiwa maji, sanduku litarudi Rubondo likatagiwe mayai. Lakini nitakuwa nimemvunjia Mama neno lake, na Zakiah atafukuzwa kazi, kwa kuwa Rwakabuba hamsamehe mtu aliyemcheka bila yeye kujua. Nikinyamaza, kitanda cha pili kitapata Rugamba mwingine, na mwingine. Kuna njia ya tatu, nayo iko kwako. Uje Alhamisi asubuhi. Useme kwamba umefikiri, kwamba sanduku mnalichukua, na kwamba kanisa linaomba dawa za marehemu zipelekwe ghalani. Hutalazimika kueleza sababu. Watu hawajawahi kukuuliza sababu ya jambo lolote, na huo ndio msingi wa utumishi wako wote.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho na ninaiacha, lakini haki inanitaka niongeze nyingine, ambayo si yako peke yako. Ushuhuda wako haufai kitu, kwa kuwa umejengwa juu ya mtu mmoja aliyepona. Vivyo hivyo wangu, kwa kuwa umejengwa juu ya mtu yule yule mmoja. Wapo waliopewa penisilini, kwa kijidudu kile kile, kwa saa zile zile, na wakafa. Nilipompigia Mama simu kumuuliza kwa nini alisema Amina kwa uongo uliotungwa na yeye mwenyewe, aliniambia, Alikuwa analia, Goretti. Unapenda niseme nini mutoto akilia?

Nisalimie shemeji Perpétue, na mwambie kichwa chake hakihitaji vidonge vya rangi mbili. Wasalimie watoto, hasa Grâce, ambaye nasikia anasoma vizuri hesabu. Msimwambie kwamba zinakausha roho, ataona mwenyewe. Gasore atangoja jibu lako Jumatano, nami nitakutazamia Alhamisi, kwa upendo ambao hujawahi kuutambua kwa sababu haupigi magoti.

Nimejaribu tangu juzi kuandika kifungu cha tano cha mwongozo, na kila nikiandika nafuta. Nakumbuka jinsi Mama Kaudha alivyotoka chumbani Jumatano ile, baada ya kuona sindano inaingia: amebeba blanketi la mumewe, na usoni ana utulivu ambao sijauona kwa mfiwa mwingine yeyote, nao ulikuwa wa uongo. Kifungu cha nne kingempa ukweli na kumrudisha nyumbani amesukumwa. Wewe unayejua kuwafariji watu bila kujua kitu kingine, niambie: yaandikwe maneno gani, yatakayoupokea mkono wa mfiwa bila kumdunga mgonjwa kilichomo mkononi?

Mdogo wako,
Goretti